Kitenzi cha Kiingereza Hakina Maumbo 12

Katika madarasa mengi ya sekondari hapa Tabora, jedwali la nyakati 12 za Kiingereza hunakiliwa kutoka ubaoni na kukaririwa, na kwa miaka mingi wanafunzi wameaminishwa kwamba kila wakati una umbo lake jipya la kitenzi. Si kweli, na imani hiyo huwachosha bure watoto wenye bidii.

Tuchukue kitenzi "walk", yaani kutembea. Katika jedwali lote kina maumbo manne tu: walk, walks, walked na walking. Kinachobadilika zaidi ni vitenzi visaidizi vinavyokitangulia: katika "she has been walking" wakati unaonyeshwa na "has", na katika "they will walk" kitenzi chenyewe hakijaguswa kabisa. Hata nafsi hazisumbui kama katika Kiswahili, ambamo nilitembea, ulitembea na walitembea hutofautiana. Kiingereza husema "walked" kwa nafsi zote, na herufi s huongezwa katika wakati uliopo sahili pekee, kwa nafsi ya tatu umoja.

Muda wa mwalimu ungefaa zaidi kutumika katika kosa la "did not walked", ambalo hujirudia mno madaftarini. Wakati uliopita umekwisha kubebwa na "did", kwa hiyo kitenzi hurudi katika umbo lake la msingi: "she did not walk". Matamshi nayo yasisahaulike: "walked" ni silabi moja inayoishia na sauti ya t, ilhali "wanted" ina silabi mbili.