Bima ya ziada kwa maradhi makubwa: soma masharti kabla ya kutia saini

Malalamiko ya bima ya maradhi makubwa hufanana. Mtu amelipa ada, ameugua, amedai, amekataliwa. Jalada likifunguliwa, mara nyingi sababu imo kwenye fomu aliyoitia saini mwenyewe.

Kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF) inagharamia matibabu yaliyomo kwenye kitita cha mafao, na anayelipwa ni hospitali. Bima ya ziada ya maradhi makubwa inakulipa wewe, fedha taslimu kwa mkupuo mmoja, ukithibitika kuwa na maradhi yaliyotajwa kwenye mkataba. Haikuulizi risiti ya dawa wala fedha umezitumiaje. Kwa hiyo anayesema "kadi ninayo, bima nyingine ya nini?" amekosea, na anayetaka kuacha mchango wa Mfuko kwa sababu amenunua bima ya ziada amekosea zaidi.

Piga hesabu. Mgonjwa wa saratani anayehitaji mionzi mara nyingi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, na kwa wengi huchukua wiki tano hadi saba. Tuchukue wiki sita, yaani siku 42, mgonjwa na ndugu mmoja. Chumba na chakula vikigharimu shilingi 35,000 kwa siku, hiyo ni 1,470,000. Nauli ya boti kwa watu wawili, kwenda na kurudi, tuiweke 120,000. Nyumbani watoto wanakula, tuseme 100,000 kwa wiki: 600,000. Jumla 2,190,000, na bado hajaanza miezi ya kupumzika ambayo duka lake, kama analo, limefungwa. Kwa anayetoka Pemba ongeza safari ya Unguja.

Fanya hesabu hiyo kwa bei zako, ongeza matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu hadi sita, ndipo uchague kiasi cha bima. Bima ya milioni tano unayoweza kuilipia kila mwaka ina faida kuliko ya milioni hamsini itakayokatika mwaka wa pili.

Sasa orodha ya maradhi. Jina la ugonjwa peke yake halilipi. Kinacholipa ni maelezo ya ugonjwa huo kama yalivyoandikwa kwenye mkataba. Kwa kawaida saratani ya mwanzo kabisa, ambayo chembe zake hazijapenya kwenye nyama ya jirani, haimo. Kiharusi lazima kiache udhaifu wa kudumu. Ganzi iliyopita ndani ya siku moja haihesabiki. Figo lazima ziwe zimeshindwa zote mbili bila matumaini ya kurudi, na mgonjwa awe anasafishwa damu mara kwa mara. Presha na sukari zenyewe huwa hazimo kabisa. Muulize wakala akuoneshe ukurasa wenye maelezo hayo, kwa Kiswahili kama hukufahamu. Asipouonesha, usitie saini.

Wakala hana mamlaka ya kukusamehe swali la fomu. Akikwambia "hapo kwenye presha andika hapana, ada ishuke", anayepoteza ni wewe. Kampuni ikipokea madai itaomba kumbukumbu zako za kliniki, na dawa ulizoandikiwa miaka mitatu nyuma zitaonekana. Andika kila maradhi unayotibiwa. Huenda ada ikapanda, au ugonjwa huo ukaachwa nje ya mkataba, lakini mengine yote yatabaki salama.

Kuna vipindi viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kusubiri huanza siku bima inapoanza na mara nyingi ni siku 90; ugonjwa ukigundulika humo, hakuna malipo. Cha pili huanza siku ya kuthibitishwa ugonjwa, kwa mikataba mingi siku 14 hadi 30, na mgonjwa lazima awe hai kikiisha. Bima ikikatika na ukaanza upya, kusubiri nako kunaanza upya. Ndiyo maana mkulima wa karafuu asichukue malipo ya kila mwezi. Alipe ya mwaka mzima anapouza, na akumbuke kuna msimu wa neema na msimu wa mavuno haba.

Ada ilipwe kwa namba ya malipo au akaunti ya kampuni, kamwe isiingie kwenye simu ya wakala. Hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), yenye ofisi Zanzibar pia. Anayetaka bima isiyo na riba aulizie takaful, yaani bima inayofuata sheria ya Kiislamu, lakini masharti yake ayasome vilevile.

Ukiugua, toa taarifa kwa maandishi mapema, kabla ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Ambatanisha fomu ya madai iliyojazwa na daktari bingwa, majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kwa saratani au picha ya skani ya kichwa kwa kiharusi, nakala ya mkataba na kitambulisho. Majina yalingane. Kitambulisho cha Mzanzibari kikisema Mwanakhamis na cheti cha hospitali kikisema Mwana Khamis Ali, madai yatasimama hadi urekebishe. Weka nakala ya kila karatasi na dai muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Ukikataliwa, omba barua inayotaja kifungu kilichotumika. Lalamika kwanza kwa kampuni kwa maandishi. Usiporidhika peleka kwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na barua hiyo. Mgonjwa asiyeweza kusafiri ampe ndugu barua ya idhini yenye saini yake na nakala ya kitambulisho.