Je, wajua kwa nini Killaloe na Ballina ni vijiji pacha? Daraja si jibu

Magharibi mwa Ireland, pale ziwa Lough Derg linapojibana na kurudi kuwa mto Shannon, vijiji viwili vinatazamana. Ng'ambo ya magharibi ni Killaloe, kaunti ya Clare. Ng'ambo ya mashariki ni Ballina, kaunti ya Tipperary. Katikati kuna daraja la mawe lenye matao 13. Ukilivuka kwa miguu, kwa mwendo wa kutazama maji, unakuwa umebadili kaunti, umebadili halmashauri, na umehama jimbo la Kanisa Katoliki, kwa sababu Ballina iko chini ya jimbo kuu la Cashel na Emly ilhali Killaloe ina jimbo la jina lake. Timu ya hurling nayo, ule mchezo wa magongo ambao Waireland hawautanii, inabadilika.

Kwa nini basi vijiji viwili, na kwa nini hapo hapo? Wageni wengi hutazama daraja na kujijibu: daraja lilijengwa, watu wakakaa pande zote mbili. Jibu hilo limekaa vizuri, ila halipatani na tarehe.

Daraja la mawe linaloonekana leo ni la karne ya 18, likiwa na marekebisho ya baadaye. Kabla yake palikuwa na madaraja ya mbao, na kumbukumbu za watawa zinayataja katika karne ya 11. Lakini Brian Boru, mfalme ambaye jina lake utalikuta kwenye kila kibao cha eneo hili, alizaliwa hapa karibu mwaka 941, akatawala kutoka ngome yake ya Kincora, akawa mfalme mkuu wa Ireland mwaka 1002 na kuuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Na kabla ya Brian tayari palikuwa na watawa, wa Mtakatifu Lua na baadaye wa Mtakatifu Flannan. Watu walikuwa wamekaa hapa karne nyingi. Walifuata mahali pa kuvuka bila daraja: kivuko cha miguu, penye maji ya kina kifupi, ambapo mtu au ng'ombe aliweza kukanyaga chini hadi ng'ambo.

Kuna wanaokubali habari ya kivuko lakini wakadhani kilitumika enzi za kale tu na kufutwa na daraja. Sivyo. Agosti 1690, mfalme William III wa Uingereza alipokuwa anauzingira mji wa Limerick, jemadari Patrick Sarsfield, mmoja wa waliokuwa wakiulinda mji huo, alitoka usiku na wapanda farasi mia kadhaa ili auwahi msafara wa mizinga uliokuwa njiani. Daraja la Killaloe lilikuwa chini ya ulinzi wa adui. Sarsfield hakuligusa. Kwa mujibu wa simulizi ya eneo hili alivuka juu kidogo ya kijiji, Ballyvally, kwenye kivuko, akazunguka milima na kuilipua mizinga hiyo Ballyneety. Miaka mia sita baada ya daraja la kwanza, kivuko bado kilikuwa na thamani ya kijeshi. Na ukitazama ramani utaona kwamba ngome ya udongo ya Béal Ború imesimama Ballyvally hiyo hiyo. Aliyeijenga alijua anachokilinda.

Kosa la tatu ndilo gumu kuling'oa, maana linatokana na kuona kwa macho. Mgeni anasimama darajani, anaona maji mapana, mazito, yaliyotulia, boti zimefungwa gatini, halafu anauliza: hapa mtu alivukaje kwa miguu? Leo havuki. Maji unayoyaona ni ya mwaka 1929. Tutafika huko, lakini kwanza swali lenyewe: kwa nini mdomo wa ziwa, na si sehemu nyingine yoyote ya mto, ndio unaotoa kivuko kizuri?

Chukua karai pana, jaza maji hadi juu, na tuseme ukingo wake umebonyea mahali pamoja. Endelea kumimina polepole. Katikati ya karai maji ni ya kina na yametulia. Kwenye kibonyeo yanatoka kama utando mwembamba unaokimbia. Unene wa utando huo hautegemei kina cha karai. Unategemea upana wa kibonyeo na jinsi maji yalivyopanda juu yake. Karai liwe la shubiri moja au tatu, pale kwenye kibonyeo kidole hakizami. Lough Derg ina kina cha hadi mita 36, lakini inapotokea, maji yalilazimika kupita juu ya kizingiti cha mwamba na changarawe. Kina kirefu cha ziwa kilibaki nyuma, hakikumsumbua mvukaji.

Tupa sasa kiganja cha mchanga ndani ya karai. Mchanga unatua chini kabla ya kufika kwenye kibonyeo. Yanayotoka ni maji matupu. Ziwa hufanya hivyo hivyo kwa tope la Shannon. Mto unapoingia Lough Derg upande wa kaskazini unapoteza kasi, unashusha mzigo wake, na unapotoka Killaloe karibu kilomita 40 kusini hauna tope la kulaza kwenye sakafu. Ndiyo maana sakafu ya kivuko ni ngumu. Kwa anayevusha mifugo hili ni kubwa kuliko kina: ng'ombe anaweza kupita kwenye maji ya kifua, lakini tope la magoti linamnasa.

Mwisho, mwaga ndoo nzima kwa mpigo. Maji ya kibonyeo yanapanda, ila kidogo na polepole, kwa kuwa ongezeko limesambaa juu ya uso mzima wa karai. Uso wa Lough Derg ni karibu kilomita 120 za mraba. Kuupandisha kwa sentimita 1 tu kunahitaji mita za ujazo milioni 1.2. Mvua ya usiku mmoja milimani, ambayo ingegeuza kijito kuwa hatari kabla ya asubuhi, hapa ilichukua siku kadhaa kuonekana. Mvukaji alikuwa na onyo la mapema.

Lakini kuonekana polepole si kutofika. Majira ya baridi Shannon hujaa na kukaa imejaa kwa wiki nyingi, na kizingiti kile kile kilichokuwa salama mwezi wa nane hakikupitika. Sarsfield alivuka Agosti.

Kwa nini mto upite hapa hata kidogo, hilo ni fumbo la zamani la wanajiolojia. Kaskazini kuna tambarare ya mawe ya chokaa. Kusini Shannon inakata moja kwa moja kati ya milima ya Slieve Bernagh na Arra, kwenye miamba migumu, kana kwamba haikuiona. Barafu ya zama za kale ilichimba na kupanua ufa huo, hilo halina ubishi mkubwa. Kama mto ulikuwa tayari umeshaikata njia kabla ya barafu, na kwa namna gani, hapo maelezo yanagawanyika. Ukipanda mlima Tountinna, upande wa Ballina, unauona ufa wote kwa mkupuo mmoja, na unaelewa kwa nini watu hawajaacha kubishana.

Turudi kwenye mwaka 1929. Shannon ni mto wa kilomita 360, na kwa sehemu kubwa ya safari yake karibu hauteremki. Mteremko wake wote wa maana umewekwa mwishoni: kati ya Killaloe na Limerick, mwendo wa chini ya kilomita 30, unashuka karibu mita 30. Serikali changa ya Ireland iliona humo umeme. Kampuni ya Siemens ya Ujerumani ilipewa kazi, na mpango wake ulikuwa kuukusanya mteremko wote mahali pamoja. Kilomita chache kusini ya Killaloe, Parteen, lilijengwa banio lililoinua maji hadi usawa wa ziwa. Kutoka hapo mfereji wa kilomita 12.6, uliobebwa na matuta ya udongo, unapeleka maji yakiwa juu hadi Ardnacrusha, ambako yanaanguka mita 28.5 kwenye mitambo ya kufua umeme. Mto wa asili ulibakiziwa angalau mita za ujazo 10 kwa sekunde.

Kwa Killaloe maana yake ni kwamba ziwa liliongezwa kuelekea kusini. Maporomoko madogo yaliyokuwa chini ya kijiji yalifunikwa. Mfereji wa boti uliochimbwa mwishoni mwa karne ya 18 ili kuyakwepa maporomoko hayo ulibaki bila kazi, na sehemu yake ya chini ikazama. Kisiwa cha Friar's Island kilizama pia, pamoja na ardhi iliyobeba kikanisa cha Mtakatifu Lua. Kikanisa chenyewe kilifunguliwa jiwe kwa jiwe, kikapandishwa mlimani na kujengwa upya kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Killaloe. Ndiyo sababu leo kanisa la kisiwani liko juu kabisa ya kijiji, mbali na maji, na anayepita bila kujua habari hii hudhani mjenzi alikuwa na ajabu zake.

Ukienda, anzia Ballina. Maegesho na sehemu za kula ziko zaidi upande huo, na Ballina siku hizi ndiyo yenye wakazi wengi, ingawa historia yote imeandikwa Killaloe. Tangu 2025 magari yana daraja jipya kusini ya vijiji, hivyo la zamani limepata nafuu. Juu yake tafuta kumbukumbu ya wanaume 4 waliouawa hapo na askari wa Kiingereza usiku wa tarehe 16 Novemba 1920, wakati wa vita vya uhuru.

Ukishuka darajani upande wa Killaloe, kanisa kuu la Mtakatifu Flannan liko karibu. Ni la Kianglikana, la karne ya 13. Ndani kuna mlango wa mawe wa karne ya 12 uliotoka kwenye kanisa lililotangulia, umechongwa kwa wingi kiasi kwamba wengi huishia kuupiga picha huo tu na kuondoka. Usifanye hivyo. Kipande cha msalaba kinachoitwa jiwe la Thorgrim, cha karibu mwaka 1000, kiligunduliwa mwaka 1916 kikiwa kimejengewa ukutani. Upande mmoja, kwa herufi za kiruni za Waskandinavia, kinasema Thorgrim alichonga msalaba huu. Upande mwingine, kwa ogamu, ile mikwaruzo ya Kiireland inayopangwa kwenye kona ya jiwe, kinamwombea baraka Thorgrim. Simama ubavuni, mwanga uje kwa pembeni. Ukitazama kwa mbele mikwaruzo ya ogamu hupotea. Nje, uani, kuna kikanisa cha karne ya 12 chenye paa la mawe.

Kisha panda barabara kuu ya kijiji, ambayo ni kali kwa magoti, hadi kanisa Katoliki na kikanisa kilichohamishwa. Inaaminika kwamba ngome ya Kincora ilikuwa kilimani hapo, lakini usitafute magofu: kumbukumbu za watawa zinasema maadui wa ukoo wa Brian waliibomoa mapema karne ya 12 na kuvitupa mawe na mbao zake mtoni.

Béal Ború iko kama kilomita 1.5 kaskazini, kwenye barabara ya kwenda Scarriff. Ni tuta la duara lenye handaki, chini ya miti, na njia ya kuingilia huwa na tope, kwa hiyo viatu vya mjini havifai. Waongozaji wengine huiita kasri ya Brian. Uchimbaji wa mwaka 1961 ulipata nyumba ya mbao na sarafu za karne ya 11, jambo linaloiweka karibu na ukoo wake kuliko na yeye mwenyewe. Kivuko kilikuwa maji ya jirani na hapo.

Mambo mawili huwapoteza wasafiri. Ireland haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya mwenye viza ya Schengen, au ya Uingereza, bado anahitaji viza ya Ireland. Pili, kuna Ballina nyingine, kubwa zaidi na yenye stesheni ya treni, katika kaunti ya Mayo, na kuna Lough Derg nyingine ya mahujaji katika kaunti ya Donegal. Ukikata tiketi ya treni kwenda Ballina, utafika Mayo. Stesheni unayoitaka ni Birdhill, kilomita chache kutoka Ballina ya Tipperary, na treni zake kwa siku ni chache mno. Tazama saa ya kurudi kabla hujashuka.