Gemu ya zamani haiwi ya bure kwa uzee

Wengi tunaamini gemu ya kompyuta ikishakuwa ya kitambo na dukani haipo basi ishakuwa bure, we shusha tu. Inaeleweka, zimejaa mtandaoni na hakuna anayekuuliza. Ila uzee hauondoi hakimiliki, kule Marekani kazi ya kampuni inalindwa miaka 95 tangu itoke, sasa gemu ya 1993 hesabu mwenyewe.

Ya bure ni ile ambayo mwenyewe karuhusu. Beneath a Steel Sky ya 1994 iliachiwa bure 2003, Arena ikafuata 2004. Inayochanganya watu ni Doom, 1997 zilitolewa kodi za programu tu (code, yaani yale maandishi yanayoiendesha gemu), ramani na picha na sauti hazimo, kwa hiyo ukishusha hizo kodi peke yake huna cha kucheza (kile kipande cha kuonjesha ndo kiligawiwa bure tangu mwanzo).

Kucheki si kazi, fungua folda utafute faili la readme au license ulisome, mara nyingi limeandika ruksa kugawa ila usiuze. Halafu angalia ukurasa wa mwenye gemu, kaiweka mwenyewe au bado anaiuza?