Dari za bisi: pima kabla ya kukwangua

Tumenunua nyumba ya mwaka 1974 hapa Marekani. Dari ina vinundu vyeupe kama bisi. Ina madhara?

Huenda ina asbestosi, yaani madini ya nyuzinyuzi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye vifaa vya ujenzi, huenda haina. Kwa macho hutambui. Dari hizi zilipulizwa sana kuanzia miaka ya 1950, zikificha kasoro za fundi na kupunguza mwangwi. Serikali ilipiga marufuku kupuliza asbestosi kwa mapambo mwaka 1978, lakini mali iliyokuwa stoo ilimaliziwa, kwa hiyo hata nyumba ya miaka ya 80 mwanzoni usiiamini. Hata hivyo, dari iliyo nzima na isiyoguswa ni nadra kumwaga nyuzi hewani. Laleni tu.

Mume wangu anataka kuikwangua wikendi hii. Barakoa ameshanunua.

Mzuie, dada. Hatari yenyewe iko kwenye kukwangua. Nyuzi za asbestosi ni nyembamba hazionekani. Hupaa, huelea kwa saa nyingi, kisha hutua kwenye zulia, godoro na nguo za watoto. Zikishaingia mapafuni, nyingi hazitoki. Huleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na mesothelioma, yaani saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Kwa kawaida maradhi haya huchukua miaka 10 hadi 40, pengine zaidi, kujitokeza. Ndiyo maana utasikia, "Mbona fulani alikwangua na ni mzima?" Kama mumeo anavuta sigara, hatari ya saratani ya mapafu huongezeka mno. Na barakoa ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitali hapa haisaidii.

Sasa tutajuaje?

Mwiteni mkaguzi mwenye leseni ya asbestosi. Atalowesha sehemu ndogo kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili vumbi lisiruke, atachukua kipande kidogo na kukipeleka maabara kikaangaliwe kwa hadubini. Asbestosi ikizidi asilimia 1 ya kipande hicho, kisheria dari hiyo huhesabiwa kuwa yenye asbestosi. Kama dari imepakwa rangi, pimeni na madini ya risasi pia.

Ikiwamo, lazima itolewe?

Si lazima. Kama ni imara, iacheni, au mafundi waliofunzwa waifunike kwa jipsamu mpya. Kuitoa ni kazi ya kampuni yenye kibali, na bei yake inauma.

Msomaji mwingine: Mimi ni mpangaji. Bomba la juu limevuja, kipande cha dari kimeanguka chumbani.

Usifagie, na usipitishe mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi: itatawanya nyuzi nyumba nzima. Toa watoto, zima feni na kiyoyozi, funga mlango. Piga picha ukiwa mlangoni, umwandikie mwenye nyumba ujumbe, si simu tu, ili ushahidi ubaki. Akikuzungusha, wasiliana na idara ya afya ya kaunti au jimbo lako.