Je, wajua kwa nini tulipu haichanui Mwanza?

Tulipu ukiipanda Mwanza inaota, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Majani hutoka vizuri, kisha basi. Ua ama halionekani kabisa, ama huchungulia chini katikati ya majani na kunyauka kabla ya kufunguka. Mwenye bustani analaumu udongo, anaongeza samadi. Udongo wala hauna kosa.

Asili ya ua hili ni milima ya Asia ya Kati, kwenye theluji. Ua changa hujiumba mapema ndani ya tunguu, ile sehemu ya chini ya ardhi iliyo kama kitunguu, wakati wa joto. Lakini ili bua lirefuke na kulisukuma nje, tunguu linahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 9 hivi, kwa majuma 12 hadi 16. Ndani ya muda huo wanga wa akiba hugeuka sukari, na homoni za ukuaji huamka. Sasa Mwanza, mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, pembeni mwa ziwa lisilopoa, baridi hiyo itoke wapi? Hata usiku wa Julai, watu wanapovuta blanketi, hatufiki huko.

Friji inaweza kusaidia, umeme ukiruhusu. Yafunge matunguu kwenye mfuko wa karatasi, mbali na ndizi mbivu na maembe: matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huua ua changa humohumo ndani. Mwambie pia anayepika, maana yanafanana mno na vitunguu maji. Ila hata ukifaulu, joto letu humaliza ua upesi, na mwaka unaofuata tunguu hilo halina kitu. Kwangu mimi ni hasara.

Afadhali amarilisi, ua la tunguu pia, la Amerika Kusini. Hili halingoji baridi, linapumzika kwa ukame, na ukame wa Juni hadi Agosti tunao. Acha kulimwagilia miezi hiyo. Vuli ikianza, mara nyingi bua hutangulia majani. Lipande shingo ya tunguu ikiwa juu ya udongo lisioze. Udongo wa kichanga wa kwenye miamba yetu unalifaa, kwa kuwa hautuamishi maji. Watoto na mbuzi wasilitafune, lina sumu.

Na lipo la Afrika yenyewe, lile jekundu la duara linalochomoza vichakani mvua za kwanza zikinyesha. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Ulaya wanalinunua, wanalipanda kwenye vyungu, na majira ya baridi yakifika wanaliingiza ndani lisife.