Bastola ya shabaha kwenye hewa ya chumvi

Chumvi ya mezani mwezi wa Aprili, masika yakikolea, haikai siku mbili ila ishashikana na kulowa. Ndiyo sababu watu hutia punje za mchele kwenye kikopo. Chumvi huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika kiasi cha asilimia 75, na huku visiwani kiwango hicho ni cha kila siku. Chumvi hiyohiyo imo kwenye jasho la kiganja na kwenye upepo wa baharini. Ikitua juu ya chuma hujitengenezea maji yake yenyewe, na kutu huanza bila ya tone la mvua. Kwa hiyo mwenye kibali cha bastola ya shabaha Unguja au Pemba anapambana na chumvi kwanza, masizi ya baruti baadaye. Naandika juu ya bastola ya .22 (yaani upana wa risasi yake, kwa inchi), ile ya kujipakia yenyewe inayotumika kwenye shabaha ya mita 25.

Kabla ya kufungua chupa yoyote ya mafuta, toa magazini (kile kikasha cha risasi), kisha vuta slaidi, kile kipande kinachoteleza juu ya bastola, nyuma na uizuie huko, tazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa jicho, na uguse mdomo wake kwa kidole. Mpangilio huu usiupindue. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado imo, unatoa risasi moja na unaingiza nyengine, huku wewe unaamini chemba ni tupu. Risasi zote zibaki zimefungiwa chumba chengine, na mtutu uelekee ukutani pasipo mtu upande wa pili mpaka kazi iishe. Watoto wasiwepo, na si kwa sababu ya hatari ya mlio peke yake: masizi ya .22 yana risasi yenyewe, ile madini, na hiyo ni sumu kwa ubongo wa mtoto na kwa mama mjamzito. Usisafishie jikoni wala kwenye mkeka wa kulia chakula. Tandika gazeti, fungua dirisha, vaa glavu, na mwisho tia gazeti na vitambaa vyote kwenye mfuko uliofungwa. Osha mikono kwa sabuni kabla hujagusa kitu cha kula.

Risasi ya .22 ya shabaha kwa kawaida haina koti la shaba. Ni madini laini yaliyopakwa nta au mafuta ili ising'ang'anie mtutuni. Nta hiyo ikichanganyika na masizi hufanya utando mweusi kama grisi ya baiskeli, na utando huo ndio unaosababisha bastola kukwama. Tazama pahala pawili. Pa kwanza ni uso wa bolti, pale kitako cha ganda kinapoegemea, hasa chini ya ile kucha inayovuta ganda kulitoa. Utando ukijaa chini ya kucha, kucha haishiki ukingo wa ganda vizuri, na ganda hubaki njiani. Chukua kijiti cha meno cha mbao au mswaki mkuukuu, uukwangue utando mpaka chuma kionekane. Pa pili ni chemba. Masizi hujenga pete nyembamba mbele yake, risasi mpya haiingii mpaka mwisho, na pini, ile inayogonga kitako cha risasi, hupiga bila mlio kwa sababu nguvu zake zinaishia kuisukuma risasi ndani. Ukiona risasi inakataa mara ya kwanza na kulia mara ya pili, hapo karibu kila mara ni chemba chafu, si pini mbovu. (Risasi ikikataa, subiri angalau nusu dakika mtutu ukiwa kwenye shabaha kabla ya kufungua.)

Chemba na uso wa bolti mimi husema visafishwe kila baada ya kupiga. Mtutu ni jambo jengine, na hapa wengi hukosea kwa bidii. Mtutu wa .22 haupendi kusuguliwa. Ukiuosha hadi ung'ae, risasi kumi hadi ishirini za mwanzo zitatawanyika mpaka nta ijipange upya kwenye mifereji yake. Inatosha kupitisha vitambaa viwili vikavu baada ya kupiga, na kuuosha kikamilifu kila baada ya risasi 500 au zaidi, au pale unapoona matundu ya shabaha yanaanza kupanuka. Kuosha kwenyewe ni hivi: kitambaa kimoja chenye kiyeyusho, ngoja dakika tano, burashi ya shaba nyeusi mara nne au tano, kisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kilicho safi. Burashi isigeuzwe ikiwa ndani. Itokeze yote ndipo uirudishe. Vitambaa vikatwe vipande vya kiasi cha sentimita 2.5, vya pamba tupu. Kanga kuukuu ni nzuri mno, ila si zile zenye nailoni, maana hazinyonyi.

Bastola nyingi za aina hii hazikuruhusu kupitisha mdeki (ile fimbo ya kusafishia) kutokea nyuma. Ukiuingiza kwa mbele, chuma cha mdeki husugua ukingo wa mdomo wa mtutu, na ukingo huo ndio kitu cha mwisho kinachogusana na risasi. Ukilika upande mmoja, gesi hutoka upande huo mapema na kuisukuma risasi pembeni. Tumia kamba ya kuvuta: ingiza ncha chembani, ivute itokee mbele, moja kwa moja, bila kuikunja ukingoni.

Mafuta ya taa yanafaa kuyeyushia ule utando, mbali na seredani. Petroli usiguse. Lakini mafuta ya taa yakikauka hayaachi kinga, kwa hiyo lazima yafuatwe na mafuta ya silaha. Mafuta ya cherehani ni mepesi na yanateleza vizuri, lakini hayazuii kutu kwa muda mrefu kwenye hewa yetu. Kwa kulainisha sawa, kwa kuhifadhi hapana. Mafuta ya nazi hapana kabisa, maana yakichacha huwa na asidi inayokula chuma. Na ndimu au ukwaju, vinavyong'arisha sinia za shaba, vitaondoa ule weusi wa bastola kwa dakika chache. Weusi huo si rangi, ni oksidi ya chuma yenye vitundu vidogo, na kinga yake yote ni mafuta yaliyoshikwa ndani ya vitundu hivyo.

Wapemba watapenda kusikia kwamba Japani mafuta ya kutunzia panga huitwa choji, yaani karafuu, kwa kuwa hutiwa mafuta ya karafuu kidogo ndani yake. Ni kidogo kweli. Mafuta ya karafuu matupu hulainisha plastiki, basi yasitiwe kwenye bastola.

Kiasi cha mafuta: tone moja kila upande wa reli za slaidi, na upako wa nje unaoonekana tu ukiinamisha chuma kwenye mwanga. Chemba, magazini na njia ya pini vibaki vikavu. Mafuta ya ziada hukamata vumbi na mchanga, na yakimwagikia kwenye mpini wa mti hulainisha mbao mpaka skrubu zinalegea. Kutu ya rangi ya machungwa ikishajitokeza, chukua pamba ya chuma laini kabisa, namba 0000, iloweshe mafuta, usugue polepole bila kukandamiza.

Triga usiifungue. Kanuni za mita 25 zinataka ivumilie gramu 1000, na hilo unaweza kulipima nyumbani: jaza maji kwenye chupa, ipime kwenye mizani ya duka mpaka chupa na maji vifike kilo moja kamili, itundike kwenye triga bastola ikiwa tupu, imekokiwa na mtutu umeelekea juu. Inyanyue bastola pamoja na chupa. Ikifyatuka, mpelekee fundi. Kabla ya kupima hivyo, weka ganda la plastiki la mazoezi chembani, kwa sababu pini ya .22 ikipiga chemba tupu inaweza kugonga ukingo wake na kuubonyeza.

Wenye bastola ya hewa ya milimita 4.5 wana kazi ndogo, isipokuwa mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Vituo vya wapiga mbizi, kama vya Nungwi, vina kompresa zinazofika bari 200 (bari ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), na hewa yake hupita kwenye chujio linaloikausha. Uliza chujio limebadilishwa lini, kwa kuwa hewa yenye maji huozesha mtungi kwa ndani usikokuona. Jaza polepole, usipite bari 200, usitie mafuta kwenye vali, na ukishapita tarehe iliyochongwa mtungini, hata kama unaonekana mpya, usiujaze tena.

Kuhifadhi: sanduku lenye sponji au mkoba wa ngozi ni wa kusafiria, si wa kulaza silaha, kwa kuwa vyote viwili huhifadhi jasho. Ilaze kwenye sefu, imepakwa mafuta, pamoja na gramu mia mbili hivi za silika, punje za kunyonya unyevu. Punje za silika zikibadilika rangi zimeshiba maji. Zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 saa mbili au tatu. Zile za buluu zinazogeuka waridi zina kobalti, ambayo ni sumu, basi ziwe na trei yake, isiwe ya kuokea mkate. Wakati wa masika zikague kila wiki, na kila ukifungua sefu futa sehemu zote ulizozishika kwa mkono mtupu kabla hujafunga.