Kwa nini taa ya dainamo huzimika ukisimama

Kila mwaka nikifika mada ya usumakuumeme huweka mezani dainamo kuukuu ya baiskeli, kile kifaa kinachozungushwa na gurudumu ili kuwasha taa. Ndani yake mna sumaku inayozunguka na koili, yaani waya wa shaba uliosokotwa mizunguko mingi, basi. Nawauliza wanafunzi: baiskeli ikisimama, sumaku bado ina nguvu zake zote, mbona taa inazimika?

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday naye alitegwa na jambo hilihili. Tarehe 29 Agosti 1831, jijini London, alisuka koili mbili kwenye pete ya chuma. Moja akaiunga na betri, nyingine na waya uliopita karibu na sindano ya sumaku. Alipounga betri, sindano ikaruka, kisha ikarudi mahali pake. Alipoikata, ikaruka tena, safari hii upande wa pili. Katikati, mkondo ukipita vizuri kabisa, sindano ilitulia tuli.

Kumbe kinachozaa volteji, yaani msukumo wa umeme, ni badiliko la uga wa sumaku (eneo la nguvu zake) unaopenya koili. Sumaku kubwa iliyotulia haitoi kitu. Ndogo inayokimbia inatoa. Chukua koili ya mizunguko 200. Flaksi ya sumaku, yaani kiasi cha uga unaopenya koili, kinachopimwa kwa weba, ikibadilika kwa weba 0.002 ndani ya sekunde 0.1, unapata 200 × 0.002 ÷ 0.1, yaani volti 4. Fanya badiliko hilohilo kwa nusu ya muda, utapata 8. Ndiyo maana taa hung'aa ukiteremka mlima.

Umeme huo si wa bure. Aliyewahi kuendesha baiskeli ya dainamo anajua pedali huwa nzito taa ikiwaka. Mwaka 1834 mwanafizikia Heinrich Lenz alieleza sababu: mkondo unaozaliwa hupinga badiliko lililouzaa. Miguu yako ndiyo inayolipia mwanga.

Wakati mmoja mwanafunzi wangu aliunga betri ya gari ya volti 12 kwenye transfoma, kifaa chenye koili mbili kama pete ya Faraday, akitarajia volti 240 kwenye koili ya pili. Sindano ya mita iliruka mara moja, ikalala kwenye sifuri. Muda si mrefu tukasikia harufu ya vanishi inayofunika waya wa koili ikiungua. Mkondo wa betri haubadiliki, kwa hiyo hapakuwa na volteji ya kuupinga ndani ya koili. Uliobaki kuuzuia ni ukinzani mdogo wa shaba peke yake. Transfoma ile ninayo hadi leo, kabatini, karibu na dainamo.